Siku za Kusimama

Giakanja,
3 Februari 1980

Kwa Mama yangu Wachuka,

Pokea salamu kutoka kwa mtoto wako mkubwa mwenye mvi. Natumaini u mzima wa afya na kwamba Nairobi haijakuharibu ukaanza kula mkate badala ya chakula. Huku sote hatujambo. Mama yako Murugi analalamikia mgongo, lakini mgongo wake unaujua: huuma wakati wa palizi na hupona siku ya soko.

Manesi wenzako wakiona bahasha hii watauliza mzee gani huyu anayemwita msichana Mama. Waambie una jina la mama yangu mzazi, kwa hivyo kwetu wewe ni yeye aliyerudi, na nikikosea una ruhusa ya kunichapa. Waambie pia kwamba Kigikuyu nakisema lakini Kiswahili ndicho nakiandika, maana kuandika nilifundishwa na karani mmoja wa Pwani katika kiwanda cha mbao kule Nanyuki.

Sasa habari yenyewe. Uvimbe wa shingoni umekwisha kabisa, hata ule wa chini ya sikio. Sokoni wanaume wananishikashika shingo kama ng'ombe wa kununuliwa. Jumapili mchungaji alinisimamisha mbele, mama yako akalia, nami nikaona aibu kwa sababu nilitaka kulia pia. Zile sindano zenu ni kali, vidole vinanichoma kama nimeshika thabai, yale majani ya kuwasha, lakini mkasi wa kupogolea kahawa naushika vizuri. Mwambie daktari mkuu asante. Msalimie pia Mbaabu, yule Mmeru wa kitanda cha pili, ukimwona akija kuchomwa sindano. Ugonjwa wetu ni mmoja, na mzaha wake pia ulinisaidia kupona.

Kwa vile nimepona, nataka kumaliza jambo langu. Nilimwoa mama yako wakati wa Dharura, Waingereza wakiwa wametufungia kijijini nyuma ya mtaro. Nani angechinja kondoo siku zile? Mbuzi wa mahari nimewapeleka kidogo kidogo mpaka mwaka jana wakatimia. Imebaki ngurario tu, ile sherehe ya kukamilisha ndoa. Kondoo achinjwe nyumbani kwao Kagio, mimi nisimame mbele ya wazee wao, nikate bega kwa mkono wangu na kumpa mama yako ale. Bila hilo, mimi na mvi zangu hizi bado ni kijana aliyetorosha msichana wa watu. Na wewe pia umefungwa. Siwezi kupokea mahari yako kutoka kwa akina Muriithi kabla sijamaliza ya mama yako, na kijana wa watu ataningoja mpaka lini?

Mzee Kingori, baba mdogo wa mama yako, amesema hataki mkono wa kuazima, mtu mwingine asinikatie, nije mwenyewe kwa miguu yangu. Tumepanga mwezi wa Agosti.

Mtoto wako mtundu,
Kahiga


Nairobi,
21 Februari 1980

Baba mpendwa, na mwanangu,

Habari za huko, na baridi je? Mimi sijambo, kazi ni nyingi lakini mwili una nguvu. Barua yako niliisoma chumba cha chai mbele ya wenzangu, na sasa wodi nzima wananiita Mama Kahiga. Umenizeesha kabla ya siku zangu.

Nimefurahi, Baba. Nimefurahi hata nashindwa kuandika vizuri. Ulipoletwa hapa mwaka jana shingo imejaa, mimi ndiye niliyekuandika jina. Nilikuwa nimeona wengi wenye uvimbe kama ule. Sasa nakuona ukipogoa kahawa.

Agosti nitaomba likizo. Muriithi anasema atakuja kubeba maji tu, ikiwa hamna kazi nyingine mtakayomwamini nayo. Mwambie mama nitamletea kitambaa cha kichwa cha siku hiyo. Lakini kliniki usiache kuja, hata ukijisikia mzima. Ukiona kitu chochote, hata kidogo kama punje ya mahindi, niandikie.

Mama yako na binti yako,
Wachuka


Giakanja,
9 Juni 1980

Mama Wachuka,

Natumaini hujambo wewe na wenzako. Sisi tuko, mvua imenyesha vizuri, mama yako anakusalimu.

Uliniambia nikuandikie nikiona kitu kama punje. Si punje. Ni kama yai la kuku, kiko kwapani upande wa kulia, na kingine kinaanza pale pale pa zamani shingoni. Nilikaa nacho kidogo nikifikiri ni jipu. Mama yako ndiye aliyekigusa usiku, akainuka kuwasha taa, nami nikajua.

Sina maumivu. Nina nguvu zangu. Juzi nimetoka mtoni na debe la maji begani, ingawa nyayo zinakufa ganzi asubuhi. Kwa hivyo nimefikiri hivi: tusingoje Agosti. Kondoo yuko, Theuri ndugu yangu amekubali kuniazima gari lake la kubebea majani ya chai, na kule Kagio wako tayari hata wiki ijayo. Nikate hilo bega nikiwa ninasimama.

Lakini kwanza nakuuliza wewe, maana wewe ndiye uliye ndani. Usinijibu kama nesi anavyomjibu mgonjwa. Nijibu kama mama anavyomjibu mtoto wake. Je, iko dawa nyingine itakayoondoa kitu hiki kama ile ya kwanza? Au nimalize mambo yangu sasa? Mimi si mtu wa kuogopa kuambiwa. Lolote utakalosema nitalifuata.

Mtoto wako,
Kahiga


Nairobi,
16 Juni 1980

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii imefika mapema na imekukuta na nguvu zile zile. Nimemwonyesha daktari mkuu maneno yako. Dawa nyingine iko, Baba. Ni nyekundu kama sharubati, inaingia kwa mshipa, na haifanani kabisa na ile ya kwanza. Tutaichanganya na ile ya zamani ili zisaidiane. Utakuwa mtu wa kwanza kutoka kwetu kupewa.

Kwa hivyo usikimbie na kondoo. Dawa hii inataka mwili usiochoka, na safari ya Kagio na kelele za wakwe zitakumaliza. Mwambie Mzee Kingori mpaka Desemba. Desemba utasimama imara kuliko Kingori mwenyewe. Njoo Jumatatu, nimekuwekea kitanda karibu na dirisha.

Usiogope. Niko hapa.

Mama yako,
Wachuka


Giakanja,
12 Oktoba 1980

Kwako Wachuka,

Salamu. Mama yako hajambo. Mimi ni kama ulivyoniacha langoni mwa hospitali mwezi uliopita, isipokuwa uvimbe wa kwapani sasa unanizuia kushusha mkono, na kichwani hakuna unywele hata mmoja. Utaniwia radhi kwa mwandiko, kalamu siisikii kati ya vidole.

Jana Theuri alinipeleka Nanyuki kutafuta viatu vipana, kwa sababu hivi vya zamani navivua bila kujua. Pale karibu na duka la Wahindi nikamkuta Mbaabu amekaa kwenye gunia. Amekonda, lakini amevaa koti jipya. Tukashikana mikono, tukacheka kipara. Yeye ana nywele zake zote, kipara ni changu peke yangu.

Nikamuuliza, "Wewe dawa nyekundu hukupewa?"

Akasema, "Nilikataa. Daktari mkuu mwenyewe aliniambia mwezi wa sita, ati hii kitu ikishajua kutema dawa moja inatema zote, hata ile haijawahi kuona. Akasema naweza jaribu, lakini nisiweke roho huko. Mimi nikaenda nyumbani. Nimegawia vijana shamba, nimeozesha msichana wangu Kinya, sasa nakaa tu. Wewe hukuambiwa?"

Nikamwambia sikuambiwa.

"Na si uko na msichana huko ndani? Hukuuliza?"

Nilimwambia niliuliza. Nilimuuliza binti yangu.

Wachuka, mzee yule alitazama kando. Aliona aibu kwa niaba yako. Mtu tuliyejuana kwa sababu ya vitanda tu, tena wa kabila lingine, alinihurumia pale barabarani kwa jambo lililotoka ndani ya nyumba yangu.

Ulijua mwezi wa sita. Barua yako ninayo hapa: Desemba utasimama imara kuliko Kingori mwenyewe. Nimeirudia kuisoma nikitafuta mahali uliposema labda. Hakuna.

Sikukuomba dawa, nilikuomba ukweli. Miaka ile ugonjwa wa kahawa ulipotuozeshea matunda mabichi, tulinyunyiza dawa mpya na mibuni ikapona, tukasherehekea. Misimu michache baadaye matunda yakaoza tena, tukanyunyiza mara mbili zaidi. Afisa wa kilimo akatukusanya sokoni hapa Giakanja akasema, "Wazee, hii dawa imezoewa, na hizo ndugu zake pia. Msipoteze nguvu yenu." Watu walimtukana siku ile, lakini alisema. Aliwaambia ukweli wenye mibuni. Mimi nina damu yangu Nairobi na sikuambiwa.

Juni nilikuwa nabeba debe la maji. Sasa mama yako ananifunga vifungo vya shati. Siku zangu za kusimama nilikuwa nazo mkononi, nikakuuliza nizitumie vipi, ukaniambia nizilaze kitandani.

Baba yako,
Kahiga


Nairobi,
19 Oktoba 1980

Baba,

Sijui nianze vipi kukuamkia. Shikamoo, basi, na pole.

Mbaabu amesema kweli. Nitakueleza yote, hata kama umechelewa kusikia.

Kansa ni chembe nyingi mno, ndogo kuliko macho yanavyoweza kuona, na hazifanani zote. Dawa ya kwanza imetengenezwa kutokana na ua. Iliua karibu zote, ndiyo maana uvimbe uliyeyuka. Lakini zilikuwemo chache zenye kitu kama pampu kwenye ukuta wake. Dawa ikiingia, pampu inaisukuma nje kabla haijafanya kazi. Hizo chache zikabaki peke yao, shamba lote likawa lao, zikazaa. Kile ulichokishika Juni kilikuwa uzao wa zile zilizonusurika, na karibu zote zina pampu hiyo. Ubaya ni kwamba haichagui. Dawa nyekundu inatoka kwa vijidudu vya udongoni, haina undugu wowote na ua lile, na chembe zako zilikuwa hazijawahi kukutana nayo. Hata hivyo zinaitapika vile vile. Ng'ambo wameligundua katika maabara miaka michache tu iliyopita na bado hawana la kufanya. Daktari mkuu alitusomea.

Alisema pia kwamba mara chache dawa ya pili hushika. Mara chache, si kamwe. Nilipokuandikia nilikuwa nimelishika neno hilo peke yake. Ungekuwa mgonjwa mwingine ningemwambia kama alivyoambiwa Mbaabu. Lakini ulisema nikujibu kama mama, Baba. Mama gani anamwambia mtoto wake nenda nyumbani ukamalize mambo yako? Ulinipa kazi ambayo mtu hawezi.

Na ukweli mwingine, kwa kuwa umeutaka. Daktari alikuwa anatafuta watu wa kuanza nao dawa ile, na nilijua ukikataa hutapewa kitanda tena. Nilitaka uwe karibu, nikuone kila asubuhi nikiingia kazini. Hilo lilikuwa langu, si lako.

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Usifanye lolote la Kagio kabla sijafika. Nataka kuwa kando yako.

Binti yako,
Wachuka


Nairobi,
16 Novemba 1980

Baba,

Natumaini uko salama popote ulipo. Hukujibu, nikaja kama nilivyoahidi. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli, kondoo hayupo, na jirani akanitazama kama mgeni. "Wameenda Kagio jana na gari ya Theuri," akasema. "Kwani hukuambiwa?"

Nilikaa kwenye gogo mlangoni mpaka jua likazama, na kitambaa cha mama kiko kwenye mfuko. Sikuwafuata. Ningefika kama nani? Ngurario ya mama yangu, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, nasikia kwa jirani.

Najua nilikukosea. Lakini hili umelifanya ukiwa na akili zako zote, na umemshirikisha mama. Niandikie hata mstari mmoja uniambie ilikuwaje. Je, ulisimama?

Wachuka wako


Giakanja,
7 Desemba 1980

Binti yangu Wachuka,

Natumaini hujambo. Barua hii nimeiandika siku nyingi, kidogo kidogo, kalamu nimefungiwa kidoleni kwa kitambaa. Mama yako amelala, ndiyo maana naimalizia sasa.

Ni kweli hukuitwa. Mama yako alitaka uitwe na mimi nikakataa. Nilijua ukiwepo utanishika mkono, utawaambia wazee nikae kwanza nipumzike, nao watakusikiliza kwa sababu wewe ni nesi. Nilitaka siku moja isiyokuwa na nesi. Kama umeumia, umeumia kwa haki.

Umeuliza kama nilisimama. Theuri na kijana mmoja wa Kingori walinishika makwapa, na unajua kwapa langu lilivyo. Nilitaka kupiga kelele. Kingori aliguna, lakini akasema kushikwa si kuazimwa mkono, niendelee. Wazee wao walikuwa wamejaa uani. Mama yako alikaa mbele yangu kwenye kigoda, amevaa lile gauni la kijani, na wenzake wakamfanyia mzaha kama bibi arusi mbichi. Wachuka, alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu kule kijijini wakati wa Dharura.

Wakanipa kisu. Nikakiona mkononi, sikukisikia. Nikaanza kukata bega, nikaona linakatika, nikafurahi. Watu wakainuka. Nikadhani wameinuka kwa heshima.

Mama yako ndiye aliyesema, polepole, "Kahiga, uko na damu."

Nilikuwa nimekata vidole vyangu viwili pamoja na nyama, mpaka ndani, na sikuwa nimejua. Damu ilikuwa imeenea bega lote. Nikakata kipande haraka nimpe hivyo hivyo, naye akafungua mdomo, angekula. Kingori akauzuia mkono wangu. Hakuwa na ukali. Alisema, "Nyama imeingia damu ya mwenyewe, hii hailiwi. Mtaleta kondoo ingine mwaka ujao, ukipata nguvu. Si ni sawa, Kahiga?"

Wazee wote wananitazama. Nikamwambia ni sawa.

Nyama ile wakawapa mbwa. Walituandalia chakula kingine, tukala, tukashukuru, tukaondoka kwa heshima. Kwa hivyo ngurario haijafanyika. Mahari yako ikija, mtafute Theuri, na yeye ajue atakavyosema na wakwe. Mwambie Muriithi simlaumu akichoka kungoja.

Njiani mama yako alikaa katikati yetu na mkono wangu mapajani mwake, umefungwa kwa kanga. Tukapita Karatina. Halafu akaniuliza, "Mwaka ujao utakuwa na nguvu?" Aliniangalia usoni kabisa, Wachuka, kama nilivyokuangalia wewe kwenye ile barua ya Juni. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni.

Nikamwambia ndiyo.

Akasema basi, akaegemeza kichwa begani kwangu akalala mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo ananenepesha kondoo mwingine, anamkatia majani ya viazi vitamu mwenyewe asubuhi na jioni, na mgongo wake hausikiki tena.

Kwa hivyo sasa nimejua jinsi ulivyoweza. Nimejua, na sijakusamehe. Nimejaribu mara nyingi nikiwa nimelala hapa na haikuja. Usinisukume.

Njoo Krismasi. Usilete dawa, usilete daktari. Mama yako hajaniamini sawasawa, anangoja wewe ufike akuulize kando, kwa kuwa wewe ndiye unayejua mambo ya hospitali.

Mwambie ndiyo.

Baba yako,
Kahiga